Daktari Aliyeandika Kalori Mezani

Soma Danieli 1:8-16 na 1 Wakorintho 9:25.

John Harvey Kellogg alizaliwa tarehe 26 Februari 1852 katika jimbo la Michigan, Marekani. Alipokuwa na miaka kama 12, James White alimpa kazi katika nyumba ya uchapishaji ya kanisa mjini Battle Creek. Huko alipanga herufi za chapa, na miongoni mwa maandishi yaliyopita mikononi mwake yalikuwemo ya Ellen White kuhusu matengenezo ya afya. Kijana huyo, aliyekuwa akipenda nyama kama jirani zake wote, akaiacha.

Akina White walimsaidia kusoma udaktari, akahitimu New York mwaka 1875. Alipokuwa mwanafunzi alijilisha kwa gharama ndogo katika chumba cha kupanga, na kifungua kinywa chake kilikuwa biskuti kavu za ngano isiyokobolewa na matufaha. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 24 tu, alikabidhiwa taasisi ndogo ya afya ambayo kanisa lilikuwa limeifungua mwaka 1866. Aliikuza hadi ikajulikana duniani kote kama Sanitarium ya Battle Creek, ikipokea maelfu ya wagonjwa kila mwaka.

Kadiri miaka ilivyopita, nyama, chai na kahawa viliondolewa mezani. Vilibaki nafaka zisizokobolewa, matunda, mboga, maharage, na karanga, ambazo Kellogg alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuzisaga ziwe siagi ya kupaka mkate. Ni vigumu kufikiria meza safi kuliko hiyo. Hata hivyo, walioketi hapo hawakuwa na hitaji moja. Wengine walikuja wamekonda wakihitaji kuongezeka. Wengine walikuja na uzito uliowachosha magoti na moyo. Gramu 100 za karanga zina zaidi ya kalori 500, na gramu 100 za tufaha zina takriban 50. Vyote viwili ni vyakula vizuri. Anayetaka kupungua anaweza kula karanga safi kabisa, zisizo na chembe ya sukari, na mzani usishuke hata kidogo.

Jibu lilitoka nje ya kanisa. Wilbur Atwater, mwana wa mchungaji wa Kimethodisti, alikuwa akiwaweka watu ndani ya chumba kidogo kilichozibwa huko Middletown, Connecticut, akipima kila walichokula na joto lote lililotoka miilini mwao. Kutokana na kazi yake ilijulikana kwamba gramu moja ya protini au ya wanga humpa mlaji kama kalori 4, na gramu moja ya mafuta kama 9. Mwanzoni mwa karne ya 20, orodha za vyakula za Sanitarium zilichapishwa zikiwa na tarakimu hizo: mbele ya kila chakula, kalori za protini, za mafuta na za wanga. Mgeni aliweza kujumlisha mlo wake kabla ya kuinuka. Neno kiasi, ambalo waumini walikuwa wamelisikia mimbarani kwa miaka mingi, sasa lilikuwa na namba.

Lakini hesabu hiyo ina upofu wake. Kipimo hicho hicho cha Atwater kilionyesha kwamba mwili hupata nishati kutoka kwa kileo pia, na wauza pombe hawakuchelewa kulitangaza jambo hilo. Isitoshe, kwa kuwa vitamini zilikuwa bado hazijajulikana, mboga za majani na matunda vilionekana kuwa hasara kwa maskini, maana kalori zake ni chache kwa bei yake. Kellogg hakuukubali mwongozo huo. Kilichoingia jikoni kwake kilichaguliwa kwa aina yake. Namba zilingoja mezani, kumwonyesha mgeni wapi pa kukomea. Hapo ndipo busara yake ilipokuwa, na pengine alihitaji kuwa na zaidi ya hiyo katika mambo mengine. Mafundisho ya uteuzi wa mbari za wanadamu aliyoyashabikia baadaye ni doa lisilofutika.

Aina ya chakula ndiyo pia iliyomgombanisha na mdogo wake Will. Mwaka 1894 ndugu hao walikuwa wamevumbua pamoja chembe bapa za ngano zilizookwa. Will aliposhughulika na za mahindi alitaka kuzitia sukari, John akakataa. Kijiko cha sukari kina kalori kidogo tu. Kwa hesabu peke yake hapakuwa na neno la kugombania. Mwaka 1906 Will alianzisha kampuni yake mwenyewe, na ndugu wakashtakiana mahakamani kwa miaka.

Sanitarium iliteketea kwa moto mwaka 1902, ikajengwa upya. Mwaka 1907, baada ya mvutano mrefu kuhusu mafundisho na mamlaka, Kellogg alitolewa katika ushirika wa kanisa. Aliendelea kula na kufundisha kama zamani, akafariki tarehe 14 Desemba 1943 akiwa na miaka 91. Jina Kellogg lilikuwa tayari kwenye meza nyingi za asubuhi, limechapishwa kwenye boksi la nafaka zilizotiwa sukari. Sahihi iliyokuwa juu ya boksi ilikuwa ya Will.