MAISHA YA KIICHIRO TOYODA: Jamaa wa mitambo ya nguo aliyeanzisha ukoo wa Probox

Muulize kijana yeyote wa Suneka, Keroka au Kebirigo ni gari gani dogo linaloweza kubeba mikungu ya ndizi, akina mama watatu na kuku wao kwa safari moja. Atakujibu Probox hata kabla hujamaliza swali. Sasa muulize aliyeanzisha kampuni inayounda gari hilo alikuwa nani. Hapo wengi wetu tunakuna kichwa.

Jamaa huyo aliitwa Kiichiro Toyoda. Alifariki 1952, nusu karne kabla ya Probox ya kwanza kuanza kuuzwa Japani mwaka wa 2002. Hakuliona hata kwenye mchoro. Lakini swali lililomkosesha usingizi ndilo hilo hilo linalomsumbua barobaro wa Kisii au Nyamira anayehesabu akiba yake akitafuta gari la kazi: ni gari gani ambalo mtu wa kawaida atalimudu, na ambalo litabeba mzigo wake bila kumwaibisha njiani?

Mtoto wa mvumbuzi

Kiichiro alizaliwa Juni 11, 1894 katika kijiji kilichoko eneo ambalo leo ni mji wa Kosai, mkoa wa Shizuoka. Babake, Sakichi Toyoda, alikuwa mwana wa seremala aliyejitia kwenye uvumbuzi wa mitambo ya kufuma nguo. Sakichi alikuwa mtu wa kushinda na mbao na misumari, pesa zikija zinarudi kwenye majaribio. Ndoa haikuhimili hali hiyo. Mamake Kiichiro aliondoka mtoto akiwa bado mchanga, na kijana akalelewa kwanza na nyanya na babu yake.

Alikua mpole, mwenye maneno machache, lakini darasani hakuwa mchezo. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Imperial cha Tokyo, akahitimu 1920. Mwaka uliofuata alijiunga na kampuni ya babake na akapanda meli kwenda kuona viwanda vya Marekani na Ulaya. Kule alikuta barabara zimejaa magari. Kwao Japani, gari lilikuwa bado ni kitu cha kukimbiliwa na watoto kijijini.

Kisha likaja tetemeko la ardhi la Septemba 1923 lililoharibu Tokyo na Yokohama. Reli zilipokatika, magari kutoka Marekani ndiyo yaliyobeba watu na chakula. Wajapani wengi walielewa siku hizo kwamba gari si anasa. Ford na General Motors nao waliona soko, wakafungua viwanda vya kuunganisha magari nchini humo kabla ya muongo huo kwisha.

Kutoka nyuzi hadi injini

Mwaka wa 1924 Sakichi na mwanawe walikamilisha mtambo wa kufuma ulioitwa Type G. Ulikuwa unajisimamisha wenyewe uzi ukikatika, hivyo nguo mbovu hazikuendelea kutoka. Mtambo huo ulikuwa mzuri kiasi kwamba kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, waliokuwa magwiji wa mitambo ya nguo duniani, ilikubali mwaka wa 1929 kulipa pauni 100,000 ili ipate haki ya kuuunda na kuuuza.

Kiichiro ndiye aliyesafiri kwenda kwenye mazungumzo hayo. Akiwa safarini, macho yake yalikuwa kwenye viwanda vya magari. Aliporudi, alitenga kona ndani ya kiwanda cha mitambo ya nguo mjini Kariya na kuanza kuchezea injini ndogo. Sakichi alifariki Oktoba 1930, lakini alikuwa amemwachia mwanawe baraka za kujaribu bahati kwenye magari.

Si wote waliofurahi. Risaburo, shemeji yake aliyeongoza kampuni, alihofia kwamba magari yangemeza faida ya nguo. Na alikuwa na sababu. Hata hivyo, Septemba 1933 idara ya magari ilifunguliwa rasmi. Kiichiro na vijana wake walinunua Chevrolet, wakaifungua kipande kwa kipande, wakapima kila kitu na kuanza kujifunza kusubu chuma cha injini. Vipande vingi vya mwanzo vilitoka vibovu, vikatupwa. Ni kama vile fundi wa Jua Kali anavyojifunza, tofauti ni kwamba yeye aliweka dau la kampuni nzima ya familia.

Mzigo kwanza, starehe baadaye

Gari la kwanza la majaribio, A1, lilikamilika Mei 1935. Lilikuwa la abiria, la umbo la mviringo mithili ya magari ya Chrysler ya wakati huo, na injini ya lita 3.4. Lakini kilichotangulia sokoni kilikuwa lori, G1, lililozinduliwa Novemba mwaka huo huo. Serikali na jeshi vilitaka malori, na sheria ya 1936 ikawapa kampuni za nyumbani nafasi dhidi ya Wamarekani.

G1 lilikuwa na matatizo. Lilikuwa likiharibika barabarani, na mafundi wa kampuni walilazimika kulifuata huko huko kulitengeneza. Badala ya kuwalaumu madereva, Kiichiro alitaka kila hitilafu iandikwe na irekebishwe kiwandani. Hapo ndipo ilipoota sifa ambayo wanunuzi wa Daraja Mbili wanaisaka mpaka leo: gari ambalo halikuachi mlimani.

Mwaka huo wa 1936 kampuni iliendesha shindano la kubuni nembo. Jina Toyoda likabadilishwa kuwa Toyota, kwa kuwa kwa maandishi ya Kijapani linaandikwa kwa mikwaju minane, nambari inayohesabiwa kuwa ya bahati. Agosti 28, 1937, kampuni ya magari ya Toyota ilisajiliwa ikijitegemea. Kiwanda kikubwa kilifunguliwa mjini Koromo mwaka wa 1938. Mji huo sasa unaitwa Toyota.

Kiwandani humo Kiichiro alisisitiza jambo moja: kila kipuri kifike kinapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, si zaidi. Ghala lililojaa vyuma visivyotumika ni pesa zilizolala. Baadaye wahandisi wengine waliikuza fikra hiyo hadi ikasomwa na viwanda vya ulimwengu mzima.

Vita viliigeuza Toyota kuwa kiwanda cha malori ya jeshi la Japani, jeshi lililosababisha mateso makubwa Asia. Hilo nalo ni sehemu ya historia yake. Agosti 14, 1945, siku moja kabla ya Japani kutangaza kusalimu amri, mabomu yaliharibu sehemu ya kiwanda cha Koromo.

Siku alipoondoka

Baada ya vita Kiichiro alirudi kwenye ndoto ya gari dogo. Mwaka wa 1947 walitoa SA, lenye injini isiyofika hata lita moja. Lakini uchumi ulibanwa, wateja wakashindwa kulipa madeni yao, na kufikia mwisho wa 1949 kampuni ilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Benki zilikubali kuiokoa kwa masharti makali, na wafanyakazi zaidi ya 1,500 wakatakiwa kuondoka. Mgomo ukazuka.

Kiichiro alikuwa amewapa watu wake matumaini kwamba hatafukuza mtu. Aliposhindwa kutimiza hilo, alifanya jambo ambalo viongozi wachache hulifanya. Juni 1950 alijiuzulu, akaondoka pamoja na wale waliopoteza kazi. Kabla mwezi huo haujaisha, Vita vya Korea vilianza, jeshi la Marekani likaagiza malori, na kampuni ikapata pumzi. Mwenye ndoto alikuwa tayari nje ya lango.

Mapema 1952 alikubali kurejea uongozini. Hakuwahi kukalia kiti hicho. Alifariki Machi 27, 1952, kwa kuvuja damu kwenye ubongo, akiwa na umri wa miaka 57. Binamu yake Eiji, na baadaye mwanawe Shoichiro, ndio walioifikisha kampuni pale tunapoijua.

Buti linasemaje?

Sasa turudi huku kwetu milimani. Kwa nini Probox na si gari lingine?

Jibu liko nyuma ya gari. Probox liliundwa liwe gari la kazi. Mgongo wake umesimama wima, sakafu ya buti ni bapa, na ukikunja viti vya nyuma unapata nafasi ya urefu wa karibu mita 1.8. Mlango wa nyuma unafunguka juu na mdomo wake ni mpana, hivyo mkungu unaingia bila kukunjwa wala kuchubuliwa. Chini kuna ekseli nzima ya nyuma na springi zilizotengenezwa kwa ajili ya uzito.

Linganisha na Fielder. Ni zuri, limetulia barabarani, na familia ikienda harusini Nyamira litawafikisha bila vumbi moyoni. Lakini mgongo wake umelala, kwa hivyo urefu wa juu unapotea, na zulia la ndani halitaki utomvu wa ndizi. Wish lina viti saba, ila viti vya mwisho vikisimama, nyuma panabaki nafasi ya mifuko michache tu. Ukitaka mzigo, abiria wawili watashuka. Noah lina nafasi tele na mlango wa kuteleza, lakini tangi lake linataka mfuko mzito kidogo. Gari la saluni linaweza kuwa na buti refu, lakini mdomo wake ni mwembamba. Jaribu kuingiza mkungu utaona. Wazee wanaokumbuka Peugeot 504 ya safu tatu za viti watakwambia mambo haya si mapya.

Kumbuka pia kwamba nafasi na uzito ni vitu viwili tofauti. Anayetoa ndizi Nyakoe atajaza buti kabla ya kuzidisha uzito. Anayetoa vinyago vya mawe Tabaka atazidisha uzito wakati buti linaonekana tupu nusu. Macho hayapimi kilo.

Na hapa ndipo kuna shida yetu. Kiwandani, Probox la mizigo limepimiwa kilo 400 watu wawili wakiwa mbele. Watu wakiwa watano, mzigo unashuka hadi kilo 250. Piga hesabu. Watu wawili wa kilo 65 kila mmoja pamoja na mzigo wa 400 ni kilo 530. Sasa weka watu kumi, kama tunavyoona njiani kila siku, wengine wakiwa wamekunjana butini na mmoja amebanana na dereva kwenye kiti chake. Hao peke yao ni kilo 650. Umeshapita kipimo kwa kilo 120, na bado hujafunga ndizi kwenye karia.

Gari likilemewa nyuma, pua inainuka na usukani unakuwa mwepesi. Breki zinapata moto kwenye miteremko, na kusimama kunahitaji umbali mrefu zaidi. Aliyeketi butini hana mkanda wala kiti, na kati yake na lori lililo nyuma kuna bati tu. Buti lile lilipimwa kwa maboksi. Abiria wanalijua hilo, lakini mvua ya jioni ikianza na hakuna matatu nyingine, mtu anaingia. Dereva naye anahesabu pesa za mwenye gari, mafuta na za askari wa njiani.

Kwa hivyo kijana unayetaka kuingia biashara hii, amua kwanza kazi ya gari lako. Ikiwa ni mazao, Probox ni rafiki. Kunja viti, funga mzigo vizuri, na ujue uzito wa mkungu mmoja kabla ya kujaza. Mkungu wa kilo 25 ukipakiwa mara 16, umefika 400. Ikiwa ni abiria, nunua gari lenye viti na mikanda ya idadi unayotaka kubeba, na upate leseni zinazotakiwa. Gari moja haliwezi kuwa lori asubuhi na basi jioni bila mtu kulipia tofauti hiyo, na mara nyingi anayelipa ni yule wa butini.

Kiichiro aliwaza miaka mingi kuhusu kiasi kinachotosha. Magari yake yalipokwama, alitaka kujua ni kwa nini. Ahadi yake ilipovunjika, aligharamika yeye mwenyewe, akaacha kiti. Katika barabara za Gusii tumeridhika na uimara wa gari lake, na tumeusukuma mpaka mwisho. Kipimo alichokiheshimu ndicho tumekiacha stegini.