H.G. Wells: Mwandishi aliyecheza vita sakafuni akitaka vita vya kweli viishie hapo

Mwaka 1913, mwandishi mmoja maarufu wa Uingereza alitoa kitabu kidogo cha kuwafundisha watu kupigana vita kwa askari wa kuchezea.

Hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 45, baba wa watoto, na vitabu vyake vilisomwa nchi nyingi. Lakini alikuwa akipiga magoti sakafuni, anafumba jicho moja, analenga mzinga mdogo wa springi na kuangusha askari wa rafiki yake.

Jina lake ni Herbert George Wells, au H.G. Wells kama wengi wanavyomjua. Ndiye aliyeandika The Time Machine, The Invisible Man na The War of the Worlds.

Leo watu wanaopaka rangi majeshi madogo ya Warumi, Wagiriki na Wamisri wa kale na kuyapambanisha mezani wanamhesabu kama mmoja wa waasisi wa mchezo wao. Ajabu ni kwamba mtu huyu alivichukia vita.

Mtoto wa muuza duka

Wells alizaliwa Septemba 21, 1866, mjini Bromley, Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Joseph, alikuwa na duka lisilolipa na alicheza kriketi kwa malipo. Mama yake, Sarah, aliwahi kuwa mtumishi wa ndani kwenye nyumba za matajiri.

Mwaka 1874 alivunjika mguu. Akiwa kitandani aliletewa vitabu, na tangu hapo hakuacha kusoma.

Miaka mitatu baadaye baba yake naye alivunjika mguu. Kriketi ikaisha, na hela yake ikaisha nayo. Mama akarudi kwenye kazi za nyumba za watu, na kijana akapelekwa kujifunza kazi katika duka la vitambaa huko Southsea. Alifanya kazi kuanzia asubuhi hadi usiku na kulala bwenini na wenzake.

Aliichukia kazi hiyo kupita kiasi. Siku moja alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 25 hadi kwenye jumba la Uppark, alikokuwa mama yake, kumwambia kwamba amechoka na anataka kuacha.

Elimu ndiyo iliyomwokoa. Mwaka 1884 alipata ufadhili wa kusomea sayansi London, na mmoja wa walimu wake alikuwa Thomas Huxley, mwanabiolojia aliyemtetea Darwin. The Time Machine ilipotoka mwaka 1895, umaskini ukaanza kubaki nyuma.

Chakula cha mchana kilichozaa mchezo

Baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika, Wells alimuoa Amy Catherine Robbins, aliyekuwa mwanafunzi wake na ambaye yeye alipenda kumwita Jane. Hakuwa mume mwaminifu, na hilo halikuwa siri. Lakini kwa watoto wake wa kiume, George Philip aliyezaliwa 1901 na Frank aliyezaliwa 1903, alikuwa baba anayecheza.

Nyumba yao ya Sandgate, karibu na bahari, ilijaa matofali ya mbao, treni ndogo na askari wa madini ya risasi. Askari hao walikuwa wameanza kupatikana kwa bei nafuu kuanzia mwaka 1893, baada ya kampuni ya Britains kubuni namna ya kuwatengeneza wakiwa na uwazi ndani. Madini yalitumika kidogo, bei ikashuka, na askari waliuzwa wakiwa tayari wamepakwa rangi.

Wells mwenyewe alieleza jinsi mchezo ulivyoanza. Rafiki yake alikuwa mgeni wa chakula cha mchana. Pembeni, juu ya meza ndogo, kulikuwa na askari wachache na mzinga wa kuchezea. Wakati kahawa inasubiriwa, mgeni akasogeza kiti, akaujaza mzinga kipande cha mbao, akalenga. Askari mmoja akaanguka.

Basi, mgeni akaanza kujigamba na kutaka mshindani. Wells angekubali vipi kushindwa nyumbani kwake?

Mwanzo walikuwa wanalenga shabaha tu. Baadaye wakaweka vitabu sakafuni kama vizuizi, askari wakapewa ruhusa ya kutembea, na hapo ndipo kanuni zikahitajika.

Kanuni za mchezo

Kanuni hizo zilichapishwa mwaka 1913 katika kitabu Little Wars, yaani Vita Vidogo. Miaka miwili kabla alikuwa ametoa Floor Games, kuhusu michezo ya sakafuni kwa jumla.

Askari wa miguu alisogea futi 1 kwa zamu, na mpanda farasi futi 2. Mzinga haukuweza kufyatua wala kuhamishwa bila angalau askari wanne karibu yake. Ukiwaua wanaouhudumia, mzinga unabaki pambo tu.

Muda nao ulihesabiwa. Ukizubaa ukiwaza, zamu inakupita. Wells alitaka mchezaji apate presha anayoipata kamanda.

Majeshi yakikutana ana kwa ana, askari mmoja aliondoka na mmoja wa adui. Kikosi kidogo kilichotengwa na wenzake na kuzidiwa kilichukuliwa mateka. Kwa hiyo kukimbilia mbele bila mpango kulikuwa na gharama.

Mchezo wa vita wenyewe haukuwa mpya. Tangu 1824 maofisa wa jeshi la Prussia walikuwa na mchezo wao wa ramani na kete kwa ajili ya mafunzo. Wells aliutoa kambini na kuuleta sebuleni, ukawa wa mtu yeyote mwenye askari wa kuchezea na sakafu.

Somo lililofichwa

Mwishoni mwa kitabu, Wells aliacha utani.

Alisimulia kwamba kila mwanajeshi wa kweli aliyecheza naye, awe kapteni au jenerali, alijikuta amechanganyikiwa na kanuni nyepesi kabisa. Kama wanashindwa na askari wa kuchezea sakafuni, je, itakuwaje wakikabidhiwa watu hai kwa mamilioni?

Hoja yake ilikuwa rahisi. Anayependa vita apewe chumba, askari wa bati na mizinga ya springi. Aridhike humo. Kwenye vita vidogo hakuna mwili uliochanika, wala mjane, wala yatima. Mchezo ukiisha, askari wanarudi kwenye boksi lao. Vita vikubwa, kwake, vilikuwa upuuzi ulio ghali kupita uwezo wa akili ya binadamu.

Dunia haikumsikiliza. Agosti 1914 Ulaya ikalipuka.

Moto huo ulifika hadi kwetu. Novemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Tanga, na baadaye maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Wengi walikufa kwa magonjwa na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Alipokosea yeye mwenyewe

Hapa ndipo maisha ya Wells yanapokuwa na doa. Mtu aliyevidharau vita aliviunga mkono vilipokuja. Mwaka 1914 makala zake zilikusanywa katika kitabu The War That Will End War, akidai kwamba Ujerumani ikishindwa, vita vitakuwa vimekomeshwa. Mwaka 1918 alifanya kazi kwa muda katika ofisi ya propaganda ya serikali.

Vita vile havikumaliza vita vingine, na jina la kitabu chake likageuka kejeli iliyomfuata hadi mwisho.

Alitumia miaka iliyobaki akipigia debe umoja wa mataifa yote. Mwaka 1920 alitoa The Outline of History, historia ya binadamu wote kama familia moja. Alikwenda kuonana na Lenin, baadaye Stalin na Roosevelt. Mwaka 1940 alikuwa mstari wa mbele katika kuandika tamko la haki za binadamu, miaka minane kabla Umoja wa Mataifa haujapitisha la kwake.

Kuna jingine lililomuumiza. Katika riwaya ya The World Set Free ya mwaka 1914 alikuwa amebuni bomu la atomiki, akalipa jina hilohilo. Mwanafizikia Leo Szilard aliisoma mwaka 1932, na mwaka uliofuata akapata wazo la mmenyuko wa nyuklia wa mfululizo. Agosti 1945 Hiroshima ikaungua. Wells alikuwa bado hai.

Alifariki nyumbani kwake London, Agosti 13, 1946, akiwa na miaka 79.

Mchezo ukabaki

Vita vidogo havikufa naye. Mwaka 1962 Mwingereza Donald Featherstone alitoa kitabu War Games kilichowavuta wengi, na mwaka 1965 Tony Bath alianzisha Society of Ancients, chama cha wapenzi wa majeshi ya kale.

Siku hizi mizinga ya springi imeachwa, kete zimechukua nafasi yake. Askari wengi wana urefu wa milimita 15 au 28, na hununuliwa bila rangi. Mwenye nao anakaa usiku na brashi nyembamba: rangi ya msingi kwanza, kisha ngozi, ngao, mkuki, halafu kivuli. Jeshi moja la Carthage lenye tembo wake linaweza kumchukua miezi.

Wote hao bado wanafuata kile alichokitaka Wells: jeshi lote likishateketea, hakuna msiba nyumbani kwa mtu.