Bessie Coleman, rubani aliyedai mlango mmoja

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, jeshi la Marekani liliuza kwa bei ya chini ndege zake za mafunzo aina ya Curtiss Jenny. Vijana wakazinunua, wakazunguka nazo vijijini. Walitua kwenye shamba lolote lililo tambarare, wakapinduka angani watu wakipiga mayowe, kisha wakatoza pesa kuwapandisha wanakijiji. Wengi walikuwa wanaume Wazungu. Bessie Coleman hakuwa mwanamume wala Mzungu.

Alizaliwa Texas mwaka 1892, akakulia mji wa Waxahachie akichuma pamba. Mwaka 1915 alihamia Chicago, akawa anatengeneza kucha za wateja kwenye kinyozi. Alipotaka kusomea urubani, shule za kwao zilimkataa. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, alimshauri aende Ufaransa. Basi akaanza kwa kujifunza Kifaransa! Wangapi kati yetu tungeishia hapo? Novemba 1920 alivuka bahari, akasomea Le Crotoy, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa ya urubani, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Mwaka 1923 alianguka na ndege huko California, akavunjika mguu. Alipopona akarudi angani.

Lakini mimi kisa chake ninachokikumbuka zaidi ni cha Waxahachie. Alirudi kufanya maonyesho nyumbani, akakuta waandaaji wamepanga milango miwili, wa Wazungu na wa watu weusi. Akawaambia haruki mpaka wote wapite mlango mmoja. Walikubali, ingawa ndani viti vilibaki vimetengwa. Kuna watakaosema alipata nusu tu. Aliyewahi kuelekezwa mlango wa nyuma na hali ana haki ya kupita mbele anajua uzito wa nusu hiyo.

Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, Florida, alipanda na fundi wake, William Wills, kujiandaa kwa onyesho la kuruka na parachuti. Wills ndiye aliyekuwa akiendesha. Bessie hakufunga mkanda, maana alitaka kuchungulia uwanja chini. Spana iliyosahauliwa ndani ilikwamisha mitambo, ndege ikapinduka, akaanguka akafa. Wills naye hakunusurika. Bessie alikuwa na miaka 34.

Pesa za maonyesho alikuwa akiziweka ili afungue shule ya urubani kwa watu weusi. Hakuiwahi. Miaka mitatu baadaye William Powell alianzisha klabu ya urubani Los Angeles, akaiita kwa jina la Bessie Coleman.