Ibn al-Haytham na Athari ya Kalamu Yake

Mwanachuoni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra yapata mwaka 965, akafariki Misri yapata mwaka 1040. Aliandika vitabu na risala zaidi ya 90 katika hisabati, falaki na elimu ya nuru, na zaidi ya 50 zimesalia.

Kilichovuma kuliko vyote ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu 7. Humo alibainisha, kwa hoja na majaribio, ya kuwa jicho halitoi miale ya kuonea. Nuru ndiyo itokayo katika vitu na kuingia jichoni. Hata kauli ya Ptolemy, aliyeheshimiwa mno, hakuikubali ila kwa kuipima.

Kamal al-Din al-Farisi alikitungia sherehe. Kilifasiriwa kwa Kilatini, Roger Bacon na Witelo wakakitegemea katika maandishi yao. Mwaka 1572 kikapigwa chapa Basel, na Kepler akajenga juu ya msingi huo mwaka 1604.

Basi, ndugu zangu, tuwasomeshe watoto wetu na kuwazoeza kuandika, kwani elimu isiyoandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Mwenyezi Mungu amrehemu.