Agnes Pockels na Utando wa Seli

Wengi wetu huahirisha somo la seli kwa kukosa darubini. Tumtazame Agnes Pockels, aliyezaliwa mwaka 1862 na kukulia Braunschweig, Ujerumani. Enzi hizo vyuo vikuu vya huko havikuwapokea wanawake. Yeye aliuguza wazazi na kuosha vyombo. Kwa chombo cha bati na ukanda wa kusogeza, alipima jikoni mafuta yatandayo juu ya maji. Barua yake kwa Lord Rayleigh ilichapishwa Uingereza mwaka 1891. Twamsifu Rayleigh kwa kutoikalia. Mwaka 1925 Waholanzi Gorter na Grendel walitandaza vivyo hivyo mafuta ya seli nyekundu za damu. Eneo lake likawa takriban maradufu ya eneo la seli zenyewe: basi msingi wa utando ni tabaka mbili za mafuta, zizuiazo chumvi na sukari kupita ovyo.