George Adamson: Mlezi wa simba aliyeuawa kwa risasi za majangili

KIFO kilichomfika George Adamson mnamo Jumapili, Agosti 20, 1989, hakikutoka katika makucha ya simba aliokaa nao kwa zaidi ya miaka 30. Kilitoka katika mtutu wa bunduki.

Mzawa huyo wa India, aliyezaliwa mwaka 1906, aliingia Kenya mwaka 1924 akiwa kijana. Alijaribu kazi nyingi, ikiwemo kutafuta dhahabu Kakamega na kuuza mbuzi, kabla ya kuajiriwa na Idara ya Wanyamapori mwaka 1938.

Mwaka 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemvamia, kisha akagundua kwamba mnyama huyo alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alilelewa na George na mkewe Joy hadi akaweza kujiwindia mwituni. Kitabu cha Joy cha mwaka 1960 na filamu ya mwaka 1966 vilieneza sifa za Elsa kote duniani.

Sifa hizo, hata hivyo, zilifunika gharama ya kazi yenyewe. Mwaka 1970 George alihamia Kora, nyika kavu kando ya Mto Tana, na kuanzisha Kampi ya Simba. Mwaka uliofuata, simba aliyeitwa Boy, ambaye George alikuwa amemlea kwa miaka kadhaa, alimuua mpishi wa kambi. George alimpiga risasi Boy kwa mkono wake mwenyewe. Wanaomkumbuka Elsa ni wengi. Wanaomkumbuka mpishi huyo ni haba mno.

Januari 1980, Joy, ambaye wakati huo walikuwa wakiishi mbalimbali, alikutwa ameuawa huko Shaba. Awali ilisemekana ameraruliwa na simba. Uchunguzi ulibaini kuwa alidungwa, na aliyewahi kuwa mfanyakazi wake akahukumiwa kwa mauaji hayo.

Katika miaka ya 1980, majangili wenye bunduki za kisasa walitamba Kora na kuwamaliza vifaru. Julai 1989, Rais Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi ili kuuonyesha ulimwengu msimamo wa Kenya. Huko Kora, mzee wa miaka 83 alibaki kambini na wafanyakazi wachache.

Siku ile ya Agosti, mgeni wake kutoka Ujerumani alikuwa ameondoka kambini kwa gari pamoja na mfanyakazi mmoja. Shifta wakawavamia njiani. George aliposikia milio ya risasi aliingia katika Land Rover yake na wasaidizi wake, akaliendesha moja kwa moja kuwaelekea wavamizi. Aliuawa papo hapo pamoja na wafanyakazi wake wawili. Mgeni huyo alinusurika.

Alizikwa Kora, kando ya kaburi la nduguye Terence aliyefariki mwaka 1986. Baadaye, eneo hilo lilipandishwa hadhi na kuwa mbuga ya kitaifa.