Seymour Cray: Jamaa aliyeipa kompyuta makanga

Ukipanda matatu, dereva hakuulizi nauli. Hiyo ni kazi ya makanga. Dereva akianza kuhesabu chenji, gari halisongi. Wazo kama hilo ndilo lililompa jina Seymour Cray, Mmarekani aliyeunda kompyuta zilizotesa dunia kwa kasi.

Alizaliwa 1925 mjini Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta jeshini akifanya kazi ya redio, na baadaye akasomea uhandisi wa umeme na hisabati katika Chuo Kikuu cha Minnesota.

Ukitaka kumjua vizuri, anzia kwa mashine yake CDC 6600 ya mwaka 1964. Enzi hizo prosesa kuu ilipoteza muda mwingi ikihangaika na kadi zenye matundu, tepu na printa. Cray akaizungushia prosesa ndogo 10, kila moja na memori yake. Hizo ndizo zilizopokea data, zikaipanga kwenye memori kuu na kuitoa tena. Hata programu ya kusimamia mtambo mzima ilikaa huko sana sana. Mkubwa akabaki na hesabu tu, yaani dereva na usukani wake. Hakuna kompyuta iliyoishinda hadi Cray mwenyewe alipoleta CDC 7600 mwaka 1969. Mkuu wa IBM alighadhabika sana aliposikia kuwa kazi hiyo ilifanywa na watu 34, akiwemo msafishaji!

Mwaka 1972 alianzisha Cray Research, na 1976 Cray-1 ya kwanza ikafika maabara ya Los Alamos. Ilikuwa na umbo la herufi C ili nyaya ziwe fupi. Ile mbinu ya kukopa nafasi kwenye diski ili programu idhani memori ni kubwa, Cray hakuitaka kabisa. Aliona ni kujidanganya.

Lakini si unajua gwiji huwa na ukaidi wake? Wengine walipoanza kuunganisha mamia ya prosesa za bei nafuu, yeye alishikilia chache zenye misuli. Akahama 1989 na kampuni nyingine kutengeneza Cray-3. Ni moja tu iliyofika kwa mtumiaji, kituo cha utafiti wa angahewa mjini Boulder. Mwaka 1995 kampuni ikafilisika.

Kinachouma ni hiki. Mwaka 1993 kampuni aliyoiacha, bado ikiwa na jina lake, ilitoa T3D. Kando ya kila prosesa palikuwa na vifaa vya kuchota data kwenye memori ya jirani kupitia mtandao, bila kuisumbua prosesa ya huko. Makanga wa Cray walikuwa wamerudi! Leo, kwenye makundi ya kompyuta yanayofunza akili unde, kadi ya mtandao ina jedwali lake la anwani za memori. Inasoma na kuandika kwenye mashine ya pili, na prosesa ya huko haina habari.

Kwa maoni yangu, Cray alikuwa na nusu ya jibu mkononi miaka 30 mapema, ila hakutaka kuiona nusu ya pili. Aliiona akiwa na miaka 70. Mwaka 1996 alifungua kampuni nyingine, SRC, kuunda mashine ya prosesa nyingi, akilenga hasa jinsi zinavyowasiliana na kufikia memori. Septemba hiyo alipata ajali ya gari mjini Colorado Springs. Alifariki Oktoba 5, mashine ikiwa bado kwenye karatasi.